Koti Lililokuwa Mbuzi Wetu

Msimu huu napika kwenye loji moja juu ya ukingo wa kreta, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi. Wenye loji wametundika koti kuukuu la ngozi karibu na meko ya sebuleni ili wageni wapige nalo picha. Siku ya kwanza nilipita pale na sinia la vikombe. Moto ulikuwa umewaka tangu alfajiri na ngozi ile ilikuwa imeanza kupata joto. Harufu yake ikanisimamisha. Ilikuwa harufu ya ngozi na ya oili ya injini, pamoja na kitu kingine ambacho koti lile halikuwa nacho kabisa, pua yangu ilikiongeza yenyewe: mafuta ya mkia wa kondoo. Mhudumu mwenzangu akaniuliza, "Dada, vipi mbona umeganda?" Nikamjibu kwamba nimemkumbuka mbuzi wetu. Akacheka, akadhani natania.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Tangu nimalize kidato cha nne nimepika Babati, nimepika Mto wa Mbu, nimepika Mwanza kwenye mgahawa wa stendi na Loliondo kwenye kambi za mahema, na kila nikikaa mahali misimu miwili nyayo zinaanza kuniwasha. Mama husema ugonjwa huo niliupata kwenye pikipiki ya baba. Huenda ni kweli. Kama una umri wangu na ulikulia Karatu ya wakati ule, huenda hata wewe uliwahi kuiona ikipita: pikipiki ya kijani iliyokwisha rangi, na juu yake mwanaume mwembamba aliyefunga sanduku la spana kwa mpira nyuma ya kiti. Lami ilikuwa bado haijafika. Barabara ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope jekundu masika, na neno bodaboda hakuna aliyewahi kulisikia.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Kwao ni Machame, lakini alikuja Karatu kijana akaoa Mwiraqw wa Mbulumbulu, akabaki. Mashine ikilala popote, Rhotia, Oldeani, au kule juu Mbulumbulu, walimtumia mtu, naye akaenda. Baridi ya huko juu mnaijua. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro kama maziwa yaliyofurika sufuria, na mtu aliye kwenye pikipiki unampiga kifuani. Baba alivaa masweta mawili na gazeti katikati yake. Akirudi, gazeti lilikuwa limelowa na midomo yake ilikuwa ya bluu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikaa karibu na jiko, akanyoosha vidole kimoja kimoja mpaka vikanyooka vyote.

Na tulikuwa na mbuzi. Aliitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake, kahawia ya karanga zilizokaangwa zikaanza kuungua upande mmoja. Nilipozaliwa, bibi mzaa mama, tuliyemwita Ama kama Wairaqw wanavyowaita bibi zao, alimtoa Karanga zizini kwake na kumleta mwenyewe kwa miguu, ili mtoto asikose maziwa. Mbuzi wa namna hiyo, kwa kina mama yangu, hauzwi. Watoto wake ukitaka uza, yeye mwenyewe unamwacha azeeke. Hilo baba alilijua. Sijui kama alilisahau au alilikumbuka akaenda hivyo hivyo.

Asubuhi moja mama alikwenda shambani. Baba akaniambia nisimame kwenye lango nihakikishe kuku hawatoki, akamfungua Karanga, akaondoka naye kwa kamba. Niliwatazama mpaka wakapinda kwenye miti ya mgrivelia. Jioni baba akarudi bila Karanga. Mkononi alibeba kitu kikubwa cha kahawia, kimekunjwa, kimening'inia pande mbili za mkono wake kama kitu kilicholala usingizi. Akakitundika kwenye kamba ya nguo. Kilikuwa na mabega, kilikuwa na mikono, na kilikuwa na rangi ile ile ya karanga zilizoungua upande mmoja.

Nilikuwa na umri wa mtoto anayejua kuhesabu kuku lakini hajui biashara. Mbuzi ametoka asubuhi, ngozi ya kahawia imerudi jioni. Sikuhitaji kuelezwa. Karanga alikuwa amekwenda kwa mtu fulani akafanywa koti. Sikuona kwamba amekufa, maana hapakuwa na damu wala nyama, wala hakuna aliyetuletea ini kama ilivyo kawaida ya kuchinja. Niliona tu kwamba amegeuka. Watoto wa kuku walitoka kwenye yai, mahindi yaligeuka unga kwenye mashine za baba. Nani angenishangaza na mbuzi?

Mama alirudi na jembe begani, akachukua kibuyu cha kukamulia, akaingia zizini. Akatoka na kibuyu kitupu.

"Karanga yuko wapi?"

Baba akaelekeza kidevu kwenye kamba ya nguo. Hakukusudia mzaha, alikuwa hajui aanzie wapi. Lakini kwangu mimi ulikuwa uthibitisho.

"Nakuuliza mbuzi, unanionyesha nguo."

"Nimebadilishana na Mzee Tluway. Yule aliyekuwa dereva wa Mzungu kwenye mashamba ya kahawa. Mama Yusta, lishike kwanza. Hili koti—"

Mama hakulishika. Alikaa chini pale pale, miguu yake bado ina udongo, akafunika kibuyu kwa kifuniko chake taratibu kama vile kimejaa.  Asubuhi alifunga nguo zake kwenye kanga, akanipaka mafuta usoni, akaniambia, "Nakwenda kwetu. Wewe kaa na baba yako umwangalie, asije akakubadilisha na wewe kwa kofia." Akapanda njia ya Rhotia bila kugeuka. Baba alisimama mlangoni na koti mkononi mpaka alipopotea.

Alijaribu kurudisha. Alikwenda mbio kwa Mzee Tluway, lakini Karanga alikuwa ameshauzwa mnadani kwa wafugaji, na ng'ombe na mbuzi wa mnada ule walikuwa tayari njiani kwenda Enguserosambu. Akarudi amevaa koti, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Siku zilizofuata tulikula ugali wenye mabonge. Jirani yetu, bibi wa Kimasai tuliyemwita Koko, alinisuka na kunikaripia kwa niaba ya mama. Na jioni, kibatari kikiwa mezani, baba alilitandaza koti akanionyesha, labda kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwonyesha. Sijawahi kumsikia akizungumza vile kuhusu kitu ambacho hakina injini.

Lilikuwa refu mpaka chini ya magoti yake. Mzee Tluway alimwambia kwamba lilishonwa zama ambazo magari hayakuwa na paa wala vioo vya pembeni, na mwenye gari alivaa nyumba yake mwilini. Kola yake ulipoisimamisha ilifika masikioni. Kifua kilikuwa na tabaka mbili zilizopishana, ili upepo ukiingia kwenye ufa wa kwanza ukutane na ukuta. Vifungo havikuwa vya plastiki wala chuma. Kila kimoja kilikuwa ugwe wa ngozi uliofungwa fundo juu ya fundo mpaka ukawa mviringo kama kunde kubwa. Ndani kulikuwa na bitana ya sufu yenye miraba ya kijani na nyeusi. Ndani ya kila mkono wa koti kulikuwa na mkono mwingine mfupi, uliofumwa kwa uzi laini, unaobana kifundo ili baridi isipande. Nyuma lilikuwa na mpasuo uliofika kiunoni, na baba akanionyesha vifungo vilivyofichwa kwenye mpasuo ule: ukikaa kwenye pikipiki unachukua kila upande wa mkia, unauzungusha pajani, unaufunga. Koti linakuwa na miguu.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia kabisa. Karanga alikuwa na miguu yake minne: miwili ya mikono, miwili ya mkia.

Tatizo lilikuwa kwamba lilikuwa kavu. Lilikaa miaka mingi kwenye banda la Mzee Tluway, na baba alipokunja kiwiko lililia kama mlango. Akampelekea Koko, kwa sababu Koko alijua ngozi. Koko akaliinua, akalinusa, akaligonga kwa kucha.

"Hii imekauka sana, Fundi. Nani alikuwa nayo?"

"Mzee mmoja. Inafaa, Koko?"

"Inafaa. Niletee mkia wa kondoo."

Alilitendea kama alivyotendea ngozi zote maishani mwake. Aliyeyusha mafuta ya mkia kwenye sufuria, akalipaka koti kwa viganja, akalikunja, akalikanyaga kwa visigino huku akiimba, akalifungua, akalipaka tena. Mimi niliruhusiwa kukanyaga mikono ya koti. Kufikia siku ya tatu lilikuwa laini kama sikio la ndama na linang'aa. Mwiraqw, Mmasai au Mchaga, hakuna kati yetu aliyejua kwamba ngozi iliyoshonwa na fundi wa Ulaya huwa haipakwi vile. Mimi nilichokiona ni kwamba mbuzi wetu amenenepa. Nikaanza kumwekea matembele mfukoni asubuhi na jioni, kwa siri, maana nilishaona watu wazima wamemsahau chakula.

Jumapili baba akanyoa ndevu, akaniogesha, akasema, "Tunakwenda kumfuata mama." Akavaa koti, akaniketisha mbele yake juu ya tangi, akanifungia ndani, kichwa changu kikatokeza chini ya kidevu chake. Ndani mlikuwa na giza lenye joto. Nilisikia injini kwa tumbo na moyo wa baba kwa kisogo.

Mbwa wa kwanza alituona kabla hatujatoka mjini. Alikuwa amelala barabarani. Akainua pua, akasimama. Baba akampita. Yule mbwa akatufuata. Rhotia mbwa waliongezeka, watu wakitoka kanisani wakawa wanatazama na kushika midomo. Wale mbwa hawakubweka kwa hasira. Walikimbia kando yetu wamefurahi, ndimi nje, kama watu wanaosindikiza harusi. Tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda, baba akaongeza mwendo, lakini njia ile ilikuwa na mashimo, na kila akipunguza, pua moja ilimgusa gotini.

"Yusta," akasema juu ya kichwa changu, "unasikia harufu gani?"

"Ya kondoo."

 Upande wa kushoto msitu ulikuwa umeinama juu ya mashamba ya ngano, mweusi, na ukungu ukitoka ndani yake. Kila mtu wa huko anajua kinachokaa mle. "Mungu wangu," baba akasema taratibu, "nimejipaka nyama, halafu napita mlangoni kwa fisi." Na akaikimbiza pikipiki kwa mwendo wake wote.

Tukafika kwa kina mama tumezungukwa na mbwa. Mjomba Bura, kaka yake mama, alikuwa anapasua kuni. Aliweka shoka chini.

"Shemeji, karibu. Umekuja na jeshi?"

"Ni mbwa wa njiani tu."

"Wa njiani! Wanakulamba magoti kama umewazaa."

Baba akalivua koti akalitundika juu kabisa ya nguzo ya zizi, mbwa wakakaa chini yake wakiliangalia. Ako, babu yangu, alikuwa kwenye kigoda chake nje. Mkwe aliyekuja kumfuata mke haingii ndani mpaka asikilizwe, kwa hiyo baba alikaa juu ya gogo, mikono katikati ya magoti. Mama alitoka akasimama mlangoni na mwiko, akatazama mashamba. Mimi hakunitazama pia.

"Binti yangu amekuja hapa kwa miguu," Ako akasema. "Anasema umembadilisha mbuzi wa mama yake kwa nguo. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana. Sikulewa."

"Basi ni vibaya zaidi."

Mjomba Bura akapiga makofi. "Mchaga ametoa mbuzi wa maziwa, akapokea koti la marehemu! Jamani, niacheni nikae. Siku zote tunaambiwa hawa watu wanajua biashara."

"Bura," Ako akasema, "nyamaza. Mkwe, sikia. Siyo mbuzi. Mbuzi ninao. Mama yake alitembea kutoka hapa mpaka Karatu na mbuzi yule, kwa ajili ya huyu mtoto. Wewe umemtoa kama kuku. Binti akirudi kwako, kesho utatoa nini? Akitaka kubaki hapa, mimi simfukuzi."

Niliyaelewa maneno ya mwisho. Mama angebaki. Na sikuweza kuelewa ni kwa nini watu wote wanazungumza kama vile mbuzi amepotea, wakati ametundikwa pale. Nikapanda fito za zizi, nikavuta mkia wa koti mpaka likaniangukia, nikaliburuta katikati ya mbwa na kinyesi cha ng'ombe, zito kunizidi, mpaka miguuni kwa mama.

"Mama, Karanga huyu hapa. Tumekuletea. Amenenepa."

"Nini?"

"Karanga. Koko amemnenepesha. Na mimi nampa chakula kila siku. Angalia."

Mama alinitazama, akatazama koti, akainama, akatia mkono kwenye mfuko niliomwonyesha. Akatoa bonge la matembele, ya juzi na ya jana na ya wiki nzima, yamekauka yakashikana na mafuta. Akayashika kiganjani. Midomo yake ikakataa kucheka, ikakataa tena, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Mjomba akacheka, Ako akafunika uso kwa blanketi. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mama kama mtu aliyesikia injini ikiwaka baada ya kuivuta siku nzima.

"Na maziwa atatoa lini?" nikauliza.

"Maziwa," mama akasema akijifuta macho, "atayatoa baba yako."

Kelele zile zilimtoa Ama ndani. Ama katika usichana wake alishona sketi za ngozi zenye shanga, zile walizovaa wanawali wa Kiiraqw siku zao za kutolewa nje. Akalichukua koti, akalipangusa kinyesi kwa kiganja, akaligeuza ndani nje, akapitisha kucha kwenye mshono wa bega. Hakuna aliyemharakisha.

"Uzi umeingia mara mbili kwenye tundu moja," akasema. "Mmoja umekwenda, mwingine umerudi. Ukikatika huu, ule unashika." Akakunja kola, akatazama chini yake, mahali pasipoonekana na mtu. "Na huku nako ameshona vile vile. Huyu aliyeshona alikaa chini kwa kweli." Akamtupia mama. "Vaa."

"Sivai mimi."

"Vaa tuone alichokifuata mume wako."

Mama akavaa kwa hasira, mkono mmoja, kisha mwingine. Upepo wa saa ile ulikuwa umeanza kushuka kutoka msituni, ule unaopita kwenye kanga kama hakuna kanga. Mama akasimamisha kola. Akapitisha vidole kwenye ile mikono ya ndani. Tuliona mabega yake yakishuka polepole.

"Lina joto," akasema, kama anayemshtaki mtu.

Ndipo baba akazungumza, akitazama chini. "Masika yaliyopita, siku niliyokuja na goti limechubuka. Nilitoka huku huku juu, kwenye mashine. Vidole viliganda nikashindwa kuvuta breki. Nililala mtaroni mpaka watu wa trekta waliponiona."

"Uliniambia umeteleza."

"Niliteleza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nataka koti kwa mbuzi, ungekubali?"

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hata akiwa amekasirika. "Nisingekubali."

"Basi."

"Lakini ungeniuliza."

Baba akainua macho. "Ningekuuliza," akasema. "Nilikosea pale."

Mama akafunga kifungo kimoja, halafu cha pili. Akamgeukia Ako. "Baba, mimi nakwenda kwangu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi nimemvaa."

Ama akaingia ndani kuchukua ile kanga ya nguo za mama, na nilimwona akiutabasamia ukuta.

Tulirudi watatu kwenye pikipiki. Baba alikaa mbele na sweta lake moja. Mama alikaa nyuma amevaa koti, mikia yake imefungwa mapajani kama alivyoelekezwa, na mimi nimefungiwa ndani yake, katikati yao, gizani, shavu kwenye mgongo wa baba uliokuwa unatetemeka. Mbwa nao walikuwa wamesubiri. Karibu na msitu ukungu ulitufikia.

"Mama Yusta!" baba akapiga kelele. "Nipe hata mkono mmoja!"

"Omba vizuri!"

Akasimamisha pikipiki katikati ya njia, meno yakigongana. "Mke wangu," akasema, "naomba kuuliza. Naweza kuvaa koti?"

"Nimesikia," mama akasema. "Ngoja nifikirie. Nitakujibu tukifika Rhotia."

Tulipofika Rhotia baba akapunguza mwendo. Mama akamwambia aendelee tu, bado anafikiria. Nje sauti yake ilikuwa kavu kabisa, lakini mimi niliyekuwa ndani nilisikia tumbo lake likicheka, mpaka Karatu.